Tuliitwa kwa Raikhan

Tasbulak, Kazakistani
14 Juni 1993

Mama yangu, na wewe Kaka Sairankhan unayemsomea,

Shikamooni. Tumefika sote wanne, wazima. Lori lilitutikisa njia nzima. Dauren alitapika mpaka mpakani, halafu akawa yeye ndiye anayetucheka sisi. Aksaule alilala juu ya magodoro kama binti wa mfalme. Nyumba tuliyopewa na shamba la serikali ilikuwa ya Wajerumani, nao wamerudi kwao. Mwaka huu kila mtu anarudi kwao. Ina vyumba vitatu, jiko la makaa, na viazi alivyopanda mtu mwingine.

Mama, najua Kaka akifika hapa unamkatiza: "Hayo baadaye. Nani aliwaita?"

Tulia. Tuliitwa. Erulik yetu, chakula cha kumkaribisha anayehamia, tumeila. Hata vitanda hatujaunga, jirani wa upande wa kulia akaingia na aproni kiunoni. Anaitwa Raikhan. Akasema, "Wewe mwenzangu, usiwashe jiko. Mgeni aliyehamia leo hapiki leo. Mnakula kwangu." Walichinja kondoo mweupe. Akimkhan, mkweo, aliwekewa kichwa mbele yake, Aksaule akapewa sikio, akalishika mpaka akasinzia nalo. Huku chai hawaitii chumvi, lakini siku ile Raikhan aliitia kwa ajili yetu. Baada yake majirani wengine nao wakatuita, jioni hii kwa huyu, jioni ile kwa yule, mpaka Akimkhan akasema suruali imembana.

Kwa hiyo usikae dirishani ukihesabu njaa zetu. Waambie na hao waliokutisha.

Binti yako,
Jaimagul


Ulgii, Mongolia
10 Julai 1993

Jaimagul,

Mimi Sairankhan ni kalamu tu. Maneno ni ya Mama.

Mwanangu, barua yako imesomwa mpaka imekatika kwenye mikunjo. Kila anayekuja kunywa chai anasomewa. Zeinep, si ndiye aliyesema, "Kule wamekuwa Warusi, mtakaa na wahamiaji wenzenu mkitazamana kama mbuzi sokoni"? Nilimkalisha mbele kabisa, nikamwambia kaka yako asome polepole. Amemeza chai ya moto bila kupuliza.

Sasa nijibu. Kondoo wa Juni alipata wapi mafuta? Au majani ya huko yanawahi? Akimkhan alikikata kichwa vizuri, akamrudishia mwenye nyumba sehemu yake, au alikila peke yake kama mbwa-mwitu? Na Raikhan ni wa ukoo gani? Niulizie. Mtu aliyekulaza na shibe mahali usipojua jina la mtaa, huyo ni ndugu yako kunizidi mimi niliye huku.

Unajua nilipohamia bondeni na marehemu baba yako, ulikuwa mwaka wa theluji mbaya. Mifugo ilikuwa imekwisha. Mwanamke mmoja, Batima, alituita akatuwekea bakuli la mtama uliochemshwa. Mtama mtupu. Alitusimamia mpaka tukamaliza. Karamu za watu wakubwa nimezisahau, lakini uso wa Batima siku ile naweza kuutarizi kwa uzi.

Mama yako, Kulbarshin.

Na mimi naongeza yangu. Nilikuwa nasitasita juu ya kuhama. Barua yako imenisukuma. Mama haongei jambo lingine. Anasema kama majirani wa huko ni wa namna hiyo, yeye anataka kuzikwa na majirani wa namna hiyo. Tunafikiria vuli hii hii.

Sairankhan


Tasbulak
20 Agosti 1993

Mama, na Kaka,

Akimkhan alikikata kichwa vizuri, na sehemu ya mwenye nyumba alimrudishia. Raikhan ni wa ukoo wa Argyn. Juzi tulikanda unga pamoja, akanifundisha kuweka bizari ya majani kwenye viazi. Kondoo yule, nadhani walimfuga ndani majira ya baridi, ndiyo maana alikuwa na mafuta.

Lakini Kaka, nakuomba, msije mwaka huu. Nyumba inavuja upande mmoja. Shamba halijalipa watu, wanagawa sukari badala ya mshahara, na sukari sasa tunayo hata ya kujengea ukuta. Dauren wanamwita "Mmongolia" shuleni, akirudi shati limechanika. Atazoea. Ngojeni nyasi zichipue, nitawaandikia. Tafadhali msiuze kitu wala kugawa kitu.

Na Mama, usimtumie Raikhan zawadi. Hapendi kushukuriwa, ana haya sana.

Jaimagul


Ulgii
2 Septemba 1993
Imebebwa na dereva Kuanyshbai

Kwa binti Raikhan, jirani wa Jaimagul,

Hunijui. Mimi ni Kulbarshin, mama yake Jaimagul, na anayeandika ni mwanangu wa kiume kwa sababu mimi macho yangu sasa ni ya kutazama milima tu.

Dereva atakukabidhi pazia la ukutani. Nililitarizi mwenyewe nilipokuwa mwari. Lilining'inia nyuma ya kitanda changu miaka yote ya ndoa yangu. Nilikuwa nimemwekea Jaimagul, lakini nikasema, yeye ana mama, na mama yake ana deni la heshima kwako. Ulimwona mwanangu ana vumbi la njiani, ukamwita kabla hajawasha jiko, ukamchinjia kondoo. Sikuwa na amani tangu lori lilipoondoka. Barua ile ilipofika nililala usingizi ambao sikuulala tangu baba yao afariki.

Wengine hapa wanasema neno erulik huko kwenu limebaki vitabuni. Nawaambia, nendeni kwa Raikhan.

Tukijaliwa tunakuja huko karibuni. Usituchinjie. Chai inatosha, nikae nikutazame.

Kulbarshin


Tasbulak
3 Oktoba 1993

Mama Kulbarshin,

Shikamoo. Samahani kwa Kikazaki changu, shule nilisoma kwa Kirusi, na barua kama hii sijawahi kuandika kwa lugha yoyote.

Pazia limefika. Nimelifungua mara moja, nikalikunja, sithubutu kulitundika. Kwa sababu, mama, mimi sikuwaita.

Nimekaa na barua yako siku nyingi nikitafuta namna ya kulisema hilo, na namna nyingine sikuipata. Hakuna kondoo. Hakuna jioni hata moja. Jaimagul hajawahi kuingia kwangu.

Nitakwambia nilichokiona, uamue mwenyewe. Walipofika, nilikuwa dirishani. Jioni walitoka wakakaa kwenye benchi mbele ya nyumba yao, wote wanne, wamevaa vizuri. Mumewe na kofia ya tarizi, yeye na kilemba cheupe kilichopigwa pasi, watoto wamechanwa nywele. Moshi hautoki kwenye bomba lao. Nikamwambia mume wangu Tolegen, "Tazama, hawa watu wanangoja wageni. Siku ya kwanza tu, tayari wana wageni!" Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata vilevile, mtoto mdogo amelalia mapaja ya mama yake na viatu vyake vipya miguuni. Mimi nikawa napita nyuma, uani, nisiwakatize na wageni wao. Kumbe wageni walikuwa wao, na waliyekuwa wanamngoja ni mimi.

Neno erulik nalijua. Bibi yangu alilitumia. Lakini hapa tumekaa na Warusi, Wajerumani na Wapolandi, kila mtu anafunga komeo lake, na neno likalala. Na nikisema ukweli wote, mama, hata kama lingeamka, ndani nilikuwa na tambi na kiazi sukari. Tolegen hakuwa amelipwa tangu majira ya baridi. Niliona haya. Nilijiambia, nitawaitaje watu waliotoka mbali hivi niwawekee tambi?

Dereva alipoleta mzigo nilikwenda kwake nikamwuliza, "Jaimagul, hiki ni nini?" Alisoma barua yako akiwa amesimama. Akanirudishia, akasema, "Ni chako, mama amekupa wewe." Akafunga mlango. Tangu hapo nikigonga hafungui. Jana nilimkuta kisimani, nikamwambia, "Njoo kwangu Jumapili, na mumeo na watoto, njoo nikupikie." Akasema, "Asante, tumeshashiba."

Nisamehe, mama. Nifanye nini na pazia? Nifanye nini na binti yako?

Raikhan


Ulgii
11 Novemba 1993

Jaimagul,

Barua ya jirani yako imefika. Ungekuwa umeniandikia mimi peke yangu, hata mstari mmoja, ningejua kuifungua nikiwa peke yangu.

Mama alikuwa na wageni. Zeinep, wakwe zetu, wanawake wa mtaa mzima, kwa sababu walisikia imekuja barua ya Raikhan mwenyewe. Mama alivaa shali yake ya harusi. Akaniambia, "Simama, soma kwa sauti." Nikasoma. Nilipofika pale pa "mimi sikuwaita" ulimi ulikuwa umeshayatangulia macho. Mama akasema, "Mbona umekata? Soma mpaka mwisho." Nikasema mwandiko mbaya. Akasema, "Soma, Sairankhan." Nikasoma mpaka mwisho, hata viatu vya Aksaule.

Hakuna aliyecheka, kama unataka kujua. Hata Zeinep. Mama akamwambia mke wangu amimine chai, akawauliza wageni habari za theluji. Walipoondoka alivua shali akaikunja.

Mimi nimekasirika, dada, na nakuandikia nikiwa nimekasirika. Barua yako ya kusema tusije ilifika tumeshachelewa katika mambo fulani, lakini hayo ni yangu, nitayamaliza mwenyewe. Kilichoniuma ni kwamba ulituandikia karamu sisi tuliokulea. Ulifikiri tungekupenda kidogo kwa kuwa hukuitwa?

Nilimwuliza Mama niandike nini kwa upande wake. Amesema, "Muulize kama watoto wanakula."

Sairankhan


Tasbulak
5 Desemba 1993

Mama,

Watoto wanakula. Naanza na hilo. Viazi tulivyochimba vilikuwa vingi, Akimkhan amepata kazi ya kuchochea tanuri la makaa shuleni, na Dauren shati lake sasa hurudi zima.

Kaka asome hii ukiwa peke yako.

Wakati ule sikuwasha jiko kwa sababu ulinifundisha kwamba aliyehamia akipika siku ya kwanza anawatukana majirani. Nilifikiri wangechelewa kidogo tu. Akimkhan akasema, "Tukae nje, wasipate taabu ya kugonga." Tukakaa. Tukawapa watoto jibini kavu yako, ile uliyotufungia ya njiani. Watu walipita wakatuamkia kwa kichwa. Yule wa jirani aliniangalia dirishani, nikamtabasamia, akashusha pazia. Jioni ya tatu Aksaule aliuliza, "Mama, sisi ni wabaya?" Nikaingia ndani nikawasha jiko. Makaa yalikataa kushika. Nililia pale juu ya moshi ili nikiulizwa niseme ni moshi.

Halafu nikachukua kalamu. Nilikuwa nimedhamiria kukuandikia hayo hayo. Lakini nilikuona, Mama, umekaa, Kaka anasoma, na Zeinep naye yupo. Mkono ukaandika "Tuliitwa." Nikaona nimeandika vizuri. Nikachinja kondoo. Ulipenda, ukauliza zaidi, nami nikakupikia zaidi. Kuna siku niliamini mwenyewe. Nilimwona Raikhan anaanika nguo, moyo ukanijaa shukrani, kisha nikakumbuka kwamba hatujawahi kusemezana.

Ameniita sasa. Mara nyingi. Akimkhan anasema, "Erulik ya baada ya mavuno? Atuache." Mimi siendi kwa sababu nyingine. Nikikaa mezani kwake nitakuwa nakula chakula nilichokuibia wewe. Yeye hana kosa. Nilimfanya mwema bila ruhusa yake, akalipwa pazia lako kwa wema ambao hakujua anao, sasa hajui auweke wapi uso wake.

Ulisimuliwa vizuri ukafurahi, basi nikakuzoesha. Nisamehe. Sitaki uniandikie mengi. Mwambie Kaka aandike neno moja tu, kama umenisamehe au bado. Hata "bado" nitaipokea.

Mwanao,
Jaimagul


Ulgii
14 Januari 1994

Kwa Bi Raikhan,

Mimi ni Sairankhan, kaka yake Jaimagul. Bahasha hii nimeiandika jina lako kwa makusudi. Tafadhali usimwonyeshe.

Mama yetu, Kulbarshin, amefariki mwishoni mwa Desemba. Kifua. Tumemzika siku ya upepo mkali.

Kwetu habari ya kifo haitumwi kwa mtu aliye peke yake. Aifungue bahasha amesimama jikoni, na hakuna wa kumshika mkono? Inatakiwa aitwe kwenye nyumba ya mtu, akalishwe, watu wawepo, aambiwe kwa mdomo. Huko hatuna ukoo. Nimewaza sana, jina ninalolijua ni lako tu. Najua nakuomba jambo zito, na nakuomba wewe ambaye familia yetu imekuingiza kwenye aibu usiyoitafuta. Mwambie kwanza Akimkhan.

Barua yake ya mwisho kwa Mama, ile ya kuomba radhi, imefika juzi. Mama alikuwa ameshazikwa. Nimeisoma mwenyewe.

Jambo jingine nakuambia wewe tu, kwa sababu nimelibeba na limenilemea. Tulipodhani tunahama, nilimwachia binamu nyumba yetu ya majira ya baridi bondeni, ile ya kuta nene, tukashukia mjini kungoja lori. Lori halikuja, njia ikafunga, binamu ameshaingia na watoto wake. Mama alipitisha baridi kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha lililopasuka. Hilo Jaimagul asilijue kamwe. Angehesabu mwenyewe, na hesabu yake ingeanzia kwenye barua yake ya kwanza. Mimi ndiye niliyeitoa nyumba. Ibaki kwangu.

Mama hakumkasirikia. Lakini hakusema pia kwamba amemsamehe. Tangu ile barua yako isomwe, alikuwa akiuliza tu hali ya hewa ya Tasbulak. Nikimwambia sijui, anasema, "Kama ungekuwa na dada, ungejua."

Sairankhan


Tasbulak
20 Februari 1994

Ndugu Sairankhan,

Poleni sana. Nimefanya ulichoniomba. Sijui kama nimekifanya vizuri.

Akimkhan aliambiwa na mume wangu, shuleni kwenye tanuri. Alikaa chini juu ya lundo la makaa. Mimi nilikwenda kwa bibi mmoja wa hapa, Kamarsulu, aliyebaki na akili ya mambo ya zamani, akaniambia wa kuwaita na cha kupika. Tolegen alikuwa amelipwa nusu kondoo badala ya mshahara, tukaichemsha yote.

Kisha nikaenda kumwita. Nilidhani atakataa kama siku zote, nikawa nimejiandaa kusimama jikoni kwake mpaka jioni. Akanitazama, akafuta mikono. Akasema, "Leo nitakuja. Nimechoka kukukataa." Sikujua nicheke au nilie. Aliniambia pia kwamba amemwandikia mama yake ukweli, na kwamba tangu aipeleke hiyo barua anajisikia mwepesi.

Alikuja na sahani ya maandazi mikononi. Alipoona wanawake wamejaa alisimama mlangoni akacheka. "Jamani, hii ni erulik yangu au ni ya wilaya nzima?" Kumbe ana cheko zuri sana. Nimekaa ukuta kwa ukuta naye tangu Juni na sikuwahi kulisikia. Nilipaswa kumwambia Kamarsulu aanze hapo hapo. Sikuweza. Nikamkalisha mahali pa heshima, nikamwekea nyama, nikamwambia, "Kula kwanza." Akala. Akasifu mchuzi. Akanitania kwamba chai yangu haina chumvi, akaitia mwenyewe. Akimkhan alikuwa hali kitu, anatazama meza, naye akamsukuma kwa kiwiko: "Kula, bwana! Miezi yote hii unaringa, sasa umeitwa unaona haya?" Wanawake wote wakainamisha vichwa.

Hapo akatuangalia, mmoja mmoja. Akaweka kipande chini. Akaniuliza mimi, si Kamarsulu, "Raikhan. Umeniitia nini?"

Kamarsulu akaanza kwa maneno ya zamani, kwamba kila kilichopandishwa hushushwa. Hakumaliza. Tulimshika Jaimagul. Mimi nilikuwa upande wa kushoto.

Ningemwita Juni na tambi, leo angeijua nyumba yangu kama nyumba tu. Sasa kila akipita atakumbuka kwamba aliitwa mara moja, akala, akacheka, akaambiwa. Nitalibeba hilo kama wewe unavyolibeba lako.

Ndugu, nimefanya na jambo ambalo hukunituma. Alipotulia kidogo aliniuliza, "Barua yangu ilimkuta?" Alikuwa amenishika kifundo cha mkono. Nikasema, "Ilimkuta. Alisomewa." Akauliza, "Alisema nini?" Nikasema sijui, kaka yako ataandika.

Najua ni uongo. Najua uongo umewafanyia nini nyumbani kwenu. Lakini ungekuwa wewe ndiye uliyeshikwa mkono vile, ungesema nini? Tangu siku ile kila mchana anatoka kumngoja mpeleka barua barabarani. Fanya unavyoona. Ukiamua kunisuta, nisute, sitakulaumu.

Raikhan


Ulgii
18 Machi 1994

Jaimagul, dada yangu,

Raikhan ameniandikia kwamba uko na watu, na hilo limenituliza. Ulitaka kujua habari za barua yako. Nimechelewa kwa sababu nilitaka nikuandikie vizuri.

Ilifika siku ya Alhamisi, kabla Mama hajazidiwa. Alikuwa amekaa mwenyewe, ameegemea mito, chumba kina joto. Niliwatoa watu wote nje kama ulivyotaka. Nikamwambia, "Ni ya Jaimagul." Akasema, "Sogeza taa."

Nilimsomea polepole. Pale pa Aksaule kuuliza kama nyinyi ni wabaya, aliniambia ningoje, kisha akasema, "Endelea." Uliposema uliona shukrani kwa mwanamke ambaye hujasemezana naye, alicheka. Unajua anavyocheka bila sauti, mabega tu. Akasema, "Huyu amerithi kwangu. Mimi nami nilikuwa namsimulia baba yenu mambo."

Nilipomaliza nilimwuliza, "Niandike neno gani, umesamehe au bado?" Akanikemea. Akasema, "Mtoto wangu alikaa na njaa akanitumia mimi chakula, na wewe unaniuliza neno gani?" Kisha akataka asomewe tena tangu mwanzo. Nikasoma tena. Alilala nikiwa katikati, mkono wake juu ya karatasi, na sikuiondoa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu.

Kaka yako,
Sairankhan